“Fish” au “fishes”? Jibu kwa karani wa ufuoni

Swali: “Mwalimu, salamu nyingi kutoka Kisumu. Mimi ni karani wa kikundi cha wavuvi, na kila jioni huandika kwa Kiingereza ripoti ya samaki walioletwa ufuoni. Wiki iliyopita msimamizi wangu alizungushia neno ‘fishes’ kalamu nyekundu mara sita kwenye ukurasa mmoja, kisha akaandika pembeni kwamba hakuna neno kama hilo. Lakini Biblia ya Kiingereza ya nyanya yangu ina ‘two fishes’, na nimewahi kuona kitabu cha watafiti chenye ‘fishes’ kwenye jalada. Ni nani aliyekosea? Tena, niandike ‘fish is’ au ‘fish are’?”

Dada yangu, neno “fishes” lipo. Nyanya yako hakununua Biblia yenye makosa, wala wale watafiti hawakuteleza kalamu. Hata hivyo, mistari uliyonitumia nimeisoma yote sita, na kila mahali ulipoandika “fishes” palihitaji “fish”. Msimamizi alikuwa sawa kulikata neno, ila sababu aliyotoa haikuwa sawa. Nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu ukiijua sababu yenyewe hutahitaji kumuuliza mtu tena.

Anza na lugha unayoizungumza kila siku. Tunasema samaki mmoja, samaki wawili, samaki mia. Neno halibadiliki hata kidogo. Mtoto akisema “masamaki” tunamrekebisha pale pale. Sasa jiulize: ikiwa neno lenyewe halibadiliki, unajuaje kama ninazungumzia mmoja au wengi? Nikisema “samaki ameoza”, unajua ni mmoja. Nikisema “samaki wameoza”, unajua ni wengi. Nikisema “samaki yule” huchanganyi na “samaki wale”. Idadi imebebwa na maneno ya jirani, na sikio lako limeshazoea kuitafuta huko tangu ulipokuwa mdogo.

Kiingereza kinafanya hivyo hivyo kwa neno “fish”. Mmoja ni “fish”, wengi ni “fish”, na idadi inabebwa na jirani: “this fish” na “these fish”, “that fish” na “those fish”, “the fish is” na “the fish are”, “the fish was” na “the fish were”. Wanafunzi wengi huniambia kwamba hili ni neno gumu. Mimi naona kwa Mswahili ni miongoni mwa maneno mepesi kuliko yote ya Kiingereza, kwa kuwa linafuata njia ambayo tayari tunaijua. Linatushinda kwa sababu shuleni tulikaririshwa kwamba wingi wa Kiingereza ni kuongeza “s”, tukakubali, tukaacha kusikiliza sehemu nyingine ya sentensi.

Ichukue ile methali yetu, samaki mmoja akioza, wote wameoza. Iandike kwa Kiingereza: “When one fish goes bad, all the fish go bad.” Tazama kinachotokea. “Fish” ya kwanza na ya pili ni sawa kabisa, herufi kwa herufi. Kilichobadilika ni kitenzi: “goes” kwa mmoja, “go” kwa wote. Ile “s” uliyokuwa ukiibandika kwenye samaki imekaa kwenye kitenzi, tena imekaa upande wa umoja. Ukiielewa sentensi hii moja, umeelewa zaidi ya nusu ya jibu langu. Iandike ndani ya jalada la daftari lako la ripoti.

Siku moja nilikuwa nimesimama sokoni karibu na mama mmoja aliyekuwa akiparua ngege, yaani “tilapia”, magamba yakiruka hadi kwenye aproni yake. Mgeni akaja, akanyoosha kidole kuelekea kwenye karai, akasema, “I’ll take those fish.” Mama akachukua ngege mmoja, akamfunga kwenye gazeti, akampa. Mgeni akabaki ameshika mfuko na kuangalia karai. Alitaka wawili waliokuwa wamelala pamoja pembeni. Mama alikuwa amesubiri “s” mwishoni mwa neno, hakuisikia, akahesabu mmoja. Idadi ilikuwa imeshatajwa kabla ya “fish” yenyewe, ndani ya “those”, yaani “wale”. Mama huyo kwa Kiswahili asingekosea kamwe. Angesikia “samaki wale” na mkono ungeenda kwa wawili.

Sasa turudi kwa Biblia ya nyanya. Katika Kiingereza cha kale sana, kile cha kabla ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuivamia Uingereza mwaka 1066, samaki mmoja aliitwa “fisc” na wengi “fiscas”. Kwa hiyo wingi wenye “s” ndio mkongwe. Wakati huo huo yalikuwepo majina ya wanyama ambayo tangu zamani hayakuongezwa chochote, kama “sheep” na “deer”. Kadiri karne zilivyopita, majina mengi ya viumbe wanaowindwa na kuvuliwa yalivutwa upande huo, na “fish” likaenda nayo. Lakini halikuhama kwa siku moja. Biblia ya King James ilipotoka mwaka 1611, “fishes” ilikuwa bado ni wingi wa kawaida, ndiyo maana katika Mathayo 14:17 unasoma “five loaves, and two fishes”, na katika Yohana 21:11 wavu unavutwa ukiwa umejaa “great fishes”, mia na hamsini na watatu. Fungua tafsiri ya kisasa kama New International Version na utakuta “five loaves of bread and two fish”. Mikate ni ile ile mitano na samaki ni wale wale wawili. Kilichobadilika ni Kiingereza. Anayeandika ripoti ya leo kwa Kiingereza cha 1611 anaeleweka, ila anasikika kama mtu anayehubiri.

Na watafiti? Hapa ndipo “fishes” bado ina kazi yake halali, nami ningependa ukae nayo kidogo kwa sababu ziwa lako ni mfano bora kabisa. Mwanabayolojia akiandika “fish” anaweza kuwa na maana ya samaki mmoja mmoja anaohesabu. Akiandika “fishes” anazungumzia aina. Ziwa Victoria lilikuwa na mamia ya aina za wale samaki wadogo tunaowaita fulu. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 mbuta, yaani “Nile perch”, akaletwa ziwani, na ilipofika miaka ya 1980 aina nyingi za fulu zilikuwa zimepotea. Mtafiti wa habari hii ataandika “the fishes of Lake Victoria”, maana hoja yake si samaki wangapi waliomo majini, ni aina ngapi zilizokuwepo na ngapi zimebaki. Ndiyo sababu ya kile ulichokiona kwenye jalada.

Chukua ndoo yako mwenyewe. Ukiwa na ngege watatu ndani, una “three fish”. Ukiwa na ngege mmoja, kamongo (“lungfish”) mmoja na mumi (“catfish”) mmoja, wewe karani bado una “three fish”, maana unahesabu vichwa. Mtafiti aliyesimama kando yako anaweza kuitazama ndoo hiyo hiyo akasema “three fishes”, maana yeye anahesabu aina. Nyote wawili mko sawa. Kazi yako ni kuhesabu vichwa na kupima kilo, kwa hiyo kwenye ripoti yako hutaihitaji “fishes”. Ikitokea siku moja ukatakiwa kutaja aina, kuna njia salama zaidi ambayo hakuna msimamizi atakayeizungushia wino: “three species of fish” au “three kinds of fish”. Hapo “fish” inabaki bila “s” hata kama aina ni mia.

Ipo pia “fishes” nyingine ambayo si nomino kabisa. “He fishes for omena at night.” Hiki ni kitenzi: huvua omena, wale dagaa wa ziwani, usiku. “S” yake ni ya yule mmoja anayevua, kama “goes” kwenye methali yetu. Ukiiona usidhani ni samaki wengi. Ni mvuvi mmoja, usiku, na taa yake.

Sasa swali lako la pili, “is” au “are”. Hili ndilo linalosumbua watu kweli kweli, hata walimu, kwa sababu “fish” ina sura tatu na hatujafundishwa kuzitenganisha. Ya kwanza ni samaki mmoja. Ya pili ni samaki wengi. Hizo mbili tumeshazimaliza. Ya tatu ni samaki kama chakula, kama mzigo, kitu kinachopimwa badala ya kuhesabiwa. Kwa sura hii “fish” inakaa pamoja na maji, unga na sukari. Haihesabiki, haichukui “a” mbele yake, na kitenzi chake ni cha umoja: “Fish is good for children.” “Fish is sold here.”

Ng’ombe akiwa zizini ni “cow”, akifika sahanini ni “beef”. Nguruwe ni “pig”, nyama yake ni “pork”. Majina hayo ya nyama yaliingia kutoka Kifaransa cha Wanormani. Samaki hakupata jina la pili. Akiwa majini ni “fish”, akiwa kwenye sufuria ni “fish”, sawa na kuku ambaye ni “chicken” pote pawili. Tofauti wanaionyesha kwa kile kineno kidogo “a”. “I ate fish” ni nilikula samaki, bila kusema kiasi. “I ate a fish” ni nilikula samaki mmoja, mzima, kichwa hadi mkia. Mtu aliyekula kipande kimoja cha mnofu hotelini akisema “I ate a fish”, anayemsikiliza anamwona akimaliza samaki mzima. Ila ukikaa kwenye kibanda pale ufuoni Dunga, Kisumu, ukachagua ngege wako mzima akakaangwa mbele ya macho yako na kuletwa na ugali na sukuma, “I ate a fish” ni kweli tupu na ni Kiingereza kizuri. Kipande ni “a piece of fish”. Kilo mbili ni “two kilos of fish”. Kamwe si “two kilos of fishes”, na kosa hili ndilo lililokuwa mara nne kati ya zile sita zako.

Maswali nayo hugawanyika hivyo hivyo. “How many fish?” ni samaki wangapi, na jibu lake ni idadi. “How much fish?” ni samaki kiasi gani, na jibu lake ni kilo au ndoo. “How much is the fish?” ni bei gani. Mnunuzi akikupigia simu kutoka Nakuru na kuuliza “How much fish do you have?”, usimtajie bei. Anataka kujua una kilo ngapi.

Nikupe basi kipimo ninachokitumia darasani. Kabla ya kuandika kitenzi, sema sentensi yako kwa Kiswahili na usikilize kiambishi. Ukisema “samaki alikuwa”, andika “was”. Ukisema “samaki walikuwa”, andika “were”. Ukijikuta unataka kusema “mzigo wa samaki ulikuwa” au “kilo sitini za samaki zilikuwa”, hapo unapima, na Kiingereza huzichukua kilo sitini kama kitu kimoja: “Sixty kilograms of fish was landed.” Hapa Kiswahili na Kiingereza wanaachana, maana sisi tunasema “zilikuwa” na wao wanasema “was”. Ni mahali pamoja tu ambapo kiambishi chetu hakitakusaidia, kwa hiyo ukariri.

Majina ya samaki wenyewe. Wale wa kwenye orodha yako wengi hufuata mkondo wa “fish”: “two tilapia”, “five Nile perch”, “four catfish”, “one lungfish, two lungfish”. “Tilapias” utaikuta mahali pengine na si kosa, ila katika ripoti chagua njia moja uishike. Wapo wanaochukua “s” bila ubishi, kama “sharks”, “eels” na “sardines”. Nikigusa “sardines”, naona umeitumia kwa omena. Wengi hufanya hivyo, lakini omena si “sardine”, ni wa ukoo mwingine kabisa. Jina ambalo wataalamu wa uvuvi humpa kwa Kiingereza ni “silver cyprinid”. Ushauri wangu ni uandike “omena” tu. Kila anayenunua kutoka kwenu analijua, na mgeni asiyelijua muandikie mara moja mwanzoni “omena, a small silver fish dried whole” kisha uendelee. Jina la mahali lina heshima yake, na Kiingereza kimeshayabeba mengi kama hilo.

Usichanganye “fish” na yale maneno mengine ambayo hayana wingi kabisa. “Furniture”, “luggage”, “information”, “equipment”: hapa kwetu tunayaongezea “s” kila siku, na hakuna Biblia wala mtafiti wa kututetea. Hayo kata bila huruma.

Huu hapa mmoja wa mistari yako. Uliandika: “Today 60 kg of fishes was landed. The fishes is fresh but many fishes was rejected because is small.” Mimi ningeandika: “Today 60 kg of fish was landed. The fish was fresh, but twelve Nile perch were rejected because they were undersized.” Tazama nilichofanya. Kwenye kilo nimeweka “fish was”, kwa sababu ni mzigo. “The fish was fresh” inaendelea na mzigo ule ule, na “was” inalingana na “landed”, maana yote ni ya leo asubuhi, yamepita. Halafu nimeacha kupima nikaanza kuhesabu, basi kitenzi kikageuka kuwa “were”. Badala ya “many” nimeweka idadi, kwa sababu msimamizi akisoma “many” atakuja kukuuliza ni wangapi. Na “undersized” ndilo neno linalotumika kwa samaki asiyefikia kipimo. Kwa mbuta kipimo hicho ni sentimita 50.

Bado jambo moja, na naomba ulipokee kwa moyo ule ule ninaolisemea. Umeniambia kwamba ripoti ya asubuhi huitoa kwa simu, na kwamba mara mbili mtu wa upande wa pili amekuuliza “fees gani?” Wengi wetu tuliozaliwa pande hizi za ziwa tulianza na Kijaluo, na Kijaluo hakina sauti ya “sh”. Wala hakina “z”. Kwa hiyo “fish” na “fees” yote mawili hutoka “fis”, na aliye mbali asiyeona karai lako hawezi kuyatenganisha. Si aibu. Ni ulimi kufuata njia uliyoijua kwanza, na unaweza kufundishwa njia ya pili kwa wiki mbili za mazoezi ya dakika tano.

Anza na maneno ya Kiswahili unayoyajua: shule, shamba, shati, mshipi. Ukifika kwenye “sh”, sogeza midomo mbele kidogo, kama mtu anayepuliza chai, na urudishe ulimi nyuma ya pale unapokaa kwa “s”. Weka kiganja mbele ya mdomo. Pumzi ya “sh” ni pana na ina joto, ya “s” ni nyembamba na baridi. Ukishaipata, ihamishie mwishoni mwa neno, ambapo ni ngumu zaidi. Irabu nayo ina tofauti. “I” ya “fish” ni fupi na imelegea, karibu inaelekea “e”. Ya “fees” inavutwa, midomo ikiwa imetanuka kama ya mtu anayetabasamu, na inaishia na mtetemo wa “z” ambao utausikia ukigusa koo.

Kisha chukua sentensi hii, ambayo nimeitumia na wanafunzi wengi ambao karo yao ilitoka ziwani: “My mother sells fish to pay my fees.” Iseme polepole mara kumi asubuhi kabla ya kushika simu, mbele ya kioo. Kwenye neno la nne midomo iende mbele, kwenye neno la nane itanuke. Ikifanya hivyo mara zote kumi bila wewe kuiangalia, piga simu yako.